Kiboko Alivyokufa Jukwaani na Njaa Yake

Paukwa!
Pakawa!
Niseme kweli?
Sema!
Nichanganye na uongo?
Changanya!
Mkiujua uongo mtanikatiza?
Tutanyamaza!

Waongo wakubwa nyie. Mwatime, sogeza hilo sinia la viazi vitamu hapa karibu na goti langu, na mtu asiliguse mpaka nimalize. Mvua hii haiachi leo, basi tusikilizane.

Hapo kale, kwenye bwawa moja, Kiboko alikuwa mwimbaji. Tena si wa mchezo mchezo. Akifungua kinywa, bwooom, majani yanatetemeka, na akina mama Swala wanatoka vitini kwenda kumtuza. Kutuza mnakujua. Mwimbaji akikukuna moyo, unainuka, unacheza taratibu mpaka jukwaani, unampa kitu. Wao hawakuwa na noti, walituza kwa chakula. Huyu tikiti maji, yule muhogo, yule ndizi.

Nyuma ya Kiboko alikaa Pimbi, kijinyama kisicho na mkia, akipiga ngoma. Dum taka dum. Tuzo zote akichukua Kiboko. "Kinacholetwa jukwaani ni cha mwimbaji," anasema. "Ndiyo desturi." Anatafuna tikiti, pwachu pwachu, anamtupia Pimbi ganda. Na Pimbi ana watoto wanne nyumbani. Mwezi mzima wamekula maganda, mpaka kitinda mimba akauliza, "Baba, kwani tikiti lina kitu ndani?"

Swali lile lilimuuma Pimbi, akakosa usingizi. Lakini angefanya nini? Kumpiga Kiboko? Hamfiki hata gotini.

Basi Mama Korongo, mwenye kikundi cha maigizo, akaleta mchezo kutoka Ulaya. Mchezo wa kale, wa mfalme wa nchi ya theluji, maneno mazito na suruali za kubana. Akatafuta mtu mwenye jina kubwa ili uwanja ujae. Pimbi kusikia hivyo, mbio mpaka bwawani.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mama Korongo anatafuta mfalme. Lakini ni kuigiza, si kuimba."

"Sijawahi kuigiza. Kuna kula?"

"Pazia likifunguka tu, mfalme yuko mezani. Karamu."

"Halafu?"

"Halafu anakufa. Baadaye kidogo."

"Na tuzo?"

"Desturi haijabadilika, kaka."

Kiboko akajilamba. Pimbi akajikuna sikio, akasema, "Ila Mama Korongo ana wasiwasi. Anasema waimbaji hawajui kufa. Eti wakishalala wanachungulia, wanainuka kabla pazia halijashuka."

"Mimi nichungulie?" Kiboko akavimba. "Mwambie nitakufa kifo ambacho hajapata kukiona. Nikiinuka kabla ya pazia, nisiitwe mwimbaji tena."

Siku ikafika, uwanja ukafurika. Kiboko kavaa taji na soksi ndefu nyeupe. Mbele yake matikiti saba yamekatwa, mekundu, yanachuruzika. Kabla hajanyoosha mkono, Mama Korongo akamnong'oneza, "Kwao mfalme anakunywa kwanza." Kiboko akanywa kikombe, gubu gubu gubu. Yalikuwa maji ya ukwaju, lakini kwenye mchezo ni sumu. Ikabidi afe, na tikiti hajaonja.

Akafa kwa kuimba. "Nakufaaa." Akazunguka. "Nakufaaa." Akazunguka tena. Puuu, chini. Ngojeni niwaonyeshe alivyolala. Chali hivi, mikono hivi, macho yamefumbwa. Kimya. Ndivyo hasa alivyolala, muda mrefu tu.

Haya, nimeinuka. Mbona mnatazamana?

Watu wakalia. Mama Swala akainuka, akacheza taratibu mpaka jukwaani na tikiti lake kichwani. Kabla hajaliweka, akatokea Pimbi kajitanda kanga mbili, kavaa joho la malkia. Siku hiyo yeye ndiye mke wa mfalme.

"Ahsante kwa rambirambi, shoga yangu," akasema, akalipokea.

"Hii ni tuzo ya Kiboko."

"Kiboko yuko wapi? Huyu hapa ni marehemu. Umeona wapi marehemu anatuzwa? Marehemu hutolewa rambirambi, na rambirambi hupokewa na mfiwa. Mfiwa ni mimi."

Mama Swala akafikiri, akaona kweli. "Pole sana, mjane."

"Nimeshapoa."

Kiboko akasikia. Lakini maiti hasemi.

Akaja Nyani na muhogo. "Pole sana, mjane." "Nimeshapoa." Kiboko akasikia. Lakini maiti hasemi.

Akaja Ngiri na mkungu wa ndizi. "Pole sana, mjane." "Nimeshapoa." Wakatoka watoto wanne, yatima wa mfalme, wakakaa kitako pembeni ya maiti. Pwachu pwachu pwachu. Yule kitinda mimba akasema, "Baba, kumbe ndani ni pekundu." Kiboko akasikia vizuri sana. Lakini maiti hasemi.

Mama Korongo akataka kushusha pazia. Pimbi akashika kamba. "Bado, mama. Hili ni tanga la kwanza." Wakala. "Hili la pili." Wakala, pamoja na matikiti ya karamu. "Hili la tatu." Hapo tumbo la Kiboko likanguruma, nguruuu.

"Maiti ananguruma," akasema Mama Swala.

"Anaaga," akasema Pimbi.

Kikabaki kipande kimoja cha tikiti. Pimbi akakiinua polepole, juu ya pua ya mfalme. Kiboko akakurupuka, taji upande.

"Jamani, hata mimi nimefiwa!"

"Pole. Umefiwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Nilikuwa nampenda sana."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Korongo akafuta machozi, akasema miaka yote hajaona mtu anaomboleza kwa uchungu kiasi kile. Pimbi akala kile kipande, akamkabidhi Kiboko ganda kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Tangu siku hiyo Kiboko akilala majini huacha macho nje, asije mtu akampokelea rambirambi.

Mimi nimeshukia hapo, mwenye kuendelea aende kwa miguu yake. Na funzo lake ni hili: msiwe kama Pimbi. Ujanja ni tabia mbaya, na chakula cha mkubwa hakiguswi. Mwatime, nipe sinia langu.

Mbona jepesi? Viazi viko wapi?

"Bibi, ulipolala chali ukafumba macho, tulipeana pole."

"Kisha?"

"Tulikuwa wafiwa. Ila maganda yako tumekuwekea."