Siku Hizi Sipimi Mtu

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja fundi cherehani, na kazi yake ilisifika. Ukienda kwake anakupima, anakata, anashona kola, mikono, vifungo, nguo nzima peke yake, siku mbili. Ukiivaa, watu wanakuuliza umeshonewa wapi.

Ng'ambo ya barabara akaja fundi mwingine. Huyu alipanga cherehani sita kwa mstari. Fundi mmoja anashona kola tu, mwingine mikono tu, mwingine vifungo, mpaka mwisho wa mstari shati limekamilika. Sare za shule zikawa zinatoka kwa marobota!

Yule mama akawa hali, halali. Kila robota likipakiwa, moyo unamwuma kama ameibiwa yeye. Mwishowe akauza shamba, akanunua cherehani tano, akaajiri wasichana, akabandika tangazo mlangoni: SAIZI TATU TU. Waliokuja kupimwa akawafukuza.

Siku moja yule fundi jirani akavuka barabara, amemshika mkono mdogo wake.

"Shikamoo dada. Huyu anaolewa mwezi ujao. Bega lake moja limeshuka tangu kuzaliwa, nguo zangu zote zinamkaa upande. Naomba umshonee wewe."

Yule mama akaona zamu yake ya kulipiza imefika. "Siku hizi sipimi mtu. Si una mafundi sita? Wamshonee."

Jirani akainamisha kichwa. "Dada, katika wale sita hakuna anayeweza gauni zima. Hata mimi mwenyewe najua kola tu. Ndiyo maana tuliungana. Ningekuwa na mkono kama wako, ningehangaika na mstari wa nini?"

Bibi harusi akajifunika kanga begani, wakaondoka. Mama alitaka kuwaita. Wivu ukamziba mdomo.

Jamani, jirani alimchukulia nini mama huyu? Mteja gani? Kushona kwa mstari kulikuwa dhambi? Hata kidogo! Wateja wake aliwafukuza mwenyewe.

Na sisi je? Tunakaa humu humu kanisani tunapimana kwa macho: fulani anaimba, fulani anahubiri, mimi nina nini? Wewe uliyeacha kuwazungukia wagonjwa kwa sababu wanaopigiwa makofi ni wanakwaya, nakwambia, yuko mtu kitandani sasa hivi, kila mlango ukigongwa anadhani ni wewe. Ibada ikiisha, usinisalimie mimi. Nenda kwake.