Mtungi wa Kiboko, Hori la Bi Nguruwe

"Kwa nini aliyepika togwa ndiye anayenywea horini?"

Hapo kale, wanyama walipokuwa na majiko na milango kama sisi, Bi Nguruwe aliuliza hivyo mbele ya Kiboko na Nyati. Kiboko alipiga mwayo, Nyati akajikuna shingo, mambo yakaendelea.

Na mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bi Nguruwe alisaga ulezi, akapika uji, akatia kimea, akachuja. Togwa tamu iliingia kwenye mtungi wa mabwana wale wawili. Machicha yalimwagwa horini pamoja na maganda ya viazi na maji ya kuoshea vyungu. Hayo ndiyo makombo, na ndiyo riziki yake. Alikuwa ananyonyesha watoto saba, na maziwa yalikuwa yanamkauka.

Zamani mpishi alionja kwanza, wanywaji wajue kinywaji ni salama. Kiboko aliifuta desturi hiyo, eti mdomo wa nguruwe unachafua mtungi.

Bi Nguruwe hakuelewa. Mdomo unachafua, na mikono iliyokoroga je? Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma.

Siku ya mavuno, jirani yake Nguchiro, kinyama kisichofika goti la Nyati, alikuja kumsaidia kuchuja. Akamtuma kisimani. Bi Nguruwe aliporudi, akaonyeshwa hori.

"Kunywa, shoga."

Akanywa. Tamu. Akadhani ulimi wake unaumwa. Akanywa tena, bado tamu. Alipotaka kuuliza, Nguchiro akamwambia anyamaze, asikilize ya nje.

Nje, Kiboko alikuwa ameuinamia mtungi, gu-gu-gu-gu, hata hapumui. Nyati akamnyang'anya, naye gu-gu-gu, kifua chote chapachapa. Nguchiro akatoka, akawauliza kwa adabu zote, wavunaji wakisikia, togwa ya leo ikoje.

"Ya leo ndiyo togwa," akasema Kiboko. "Nzito. Inakaa tumboni."

Nyati akadakia kwamba haijawahi kupikwa kama hiyo, akacheua.

"Haifanani na ile ya horini, mzee?"

"Kidudu wee, mimi na makombo wapi na wapi? Siku ulimi wangu ukishindwa kuyajua makombo, mtungi mpe huyo nguruwe, mimi nihamie horini."

"Mmemsikia," Nguchiro akawaambia wavunaji, akaupindua mtungi.

Pwaa! Maganda ya viazi, machicha, na dodoki la kusugulia vyungu.

Nyati alikimbilia kichakani kutapika. Kiboko akafoka, akitaka kujua nani aliruhusu mtungi ufike mdomoni mwake bila kuonjwa.

"Wewe, mzee," akasema Nguchiro.

Wavunaji wakamshika Kiboko kwa neno lake. Mtungi ukaoshwa, ukakabidhiwa Bi Nguruwe. Alibaki ameukumbatia, kachanganyikiwa kuliko asubuhi. Kumbe miaka yote hawa hawakuwa wakionja kitu? Sasa alikuwa akiamka alfajiri kuchuja kwa ajili ya nani? Watoto saba walikuwa wameshaanza kunyonya, hawakuwa na muda wa kumjibu.

Anayegugumia kwa pupa hajui anachokunywa, wala hamjui aliyempikia.

Basi wewe unayenisikiliza, nakuomba: kabla hujanywa, muulize aliyepika kama naye amepata.