Kabichi la Hanora na Bendera ya Malaki

Tulieni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana hadithi hii si ya sungura wala fisi. Ni ya watu, na watu ndio wabaya zaidi.

Kuna kisiwa kinaitwa Ayalandi, pua na mdomo na Uingereza. Huko mvua hainyeshi, inaishi. Watu wake hula viazi kama sisi tulavyo ugali, na Mwingereza aliwakalia kichwani miaka mingi kuliko alivyotukalia sisi. Katika mji wao mkuu, kwenye kichochoro cha maskini, waliishi wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Hanora alijaliwa shabaha: akirusha kiatu, paka hana pa kukimbilia. Nuala, dobi, alijaliwa mikono myepesi: kitu kilikuwa hapa, sasa hakipo. Dervla alijaliwa kuaminiwa. Hakuwahi kusema uongo, hata akiulizwa kama mtoto wa jirani ni mzuri.

Jirani yao alikuwa Malaki, mwoka mikate, mtu asiye na mke wala maneno.

Wiki moja ya Pasaka, Malaki na wenzake wachache walishika bunduki, wakaingia katika majumba makubwa ya mji, wakapandisha bendera yao: leo tunajitawala! Wiki haikwisha, mizinga ikawatoa. Wakapitishwa barabarani, wafungwa, mikono kichwani.

Mnadhani watu waliwashangilia? Thubutu! Waliwazomea. Waume wa wengi walikuwa vitani mbali, katika jeshi la huyo huyo Mwingereza, na wake zao walikula posho ya jeshi. Wiki ile posho haikutoka, mkate haukuokwa, nyumba ziliungua. Hanora alikuwa mmoja wao. Alisimama mbele kabisa, mkononi kabichi lililooza.

"Malaki!" akapiga kelele. "Mume wangu yuko kwenye mahandaki, wewe unatuchomea mji! Mpumbavu wewe!"

Akarusha. Shabaha yake mnaijua. Kabichi lilimpata Malaki usoni, akaanguka chali kama gunia. Askari wakacheka hadi wakashikana mabega, umati ukamwagika barabarani kutafuta wa kumpiga teke, mstari wa wafungwa ukavurugika. Walipoupanga tena, Malaki hayumo.

Nuala alikuwa ameona mtu ameanguka, na mtu huyo ana viatu vizuri vya ngozi. Akadhani amekufa. Akamtupia shuka lililolowa ili wengine wasione, akajipenyeza chini yake kufungua kamba. Kiatu cha pili kilipotoka, maiti akasema, "Dada, mguu huo unauma." Nuala akaona haya. Akamvingirisha ndani ya shuka, akamburuta hadi chumba chake cha kufulia kama mzigo wa nguo. Ila viatu hakurudisha. Mumewe alivivaa kanisani miaka na miaka, Malaki akiwa benchi la nyuma.

Askari wakarudi wakitafuta. Mlangoni pa chumba cha kufulia wakamkuta Dervla.

"Bibi, yumo humu?"

Dervla akashika msalaba wa shingoni mwake. "Hayumo. Ameingia pale." Akanyoosha kidole nyumba ya pili, ya mzee Tige, mpiga fidla. Nani asingemwamini Dervla? Wakaupita mlango alikofichwa Malaki, wakamtoa mzee Tige. Alipokuja kurudi, vidole vyake vilikuwa vimevunjwa. Fidla ikatundikwa ukutani, haikulia tena.

Kisha Mwingereza akawapiga risasi viongozi wa uasi, mmoja leo, mwingine kesho. Hapo mji ukageuza uso. Waliozomea wakawasha mishumaa. Nchi ilipokuja kujitawala, kila mwanamume wa makamo alidai alikuwa mle majumbani na bunduki. Wangekuwamo wote, kuta zingepasuka bila mzinga. Diwani Kinsella, aliyeimaliza wiki ile chini ya kitanda cha mama yake, ndiye aliyehutubia kila Pasaka.

Kabichi nalo likapandishwa cheo. Watu wakasema Hanora alilirusha kwa hila, ili amwokoe jirani yake. Shuleni watoto wakaigiza, kwa kabichi la matambara.

"Bi Hanora, uliwazaje upesi vile?"

"Kaleni viazi vyenu, niacheni."

Wakasema, oneni unyenyekevu wake!

Malaki hakukanusha kamwe. Mara moja tu, akimpa mkate, alimwambia taratibu, "Lilikuwa gumu lile kabichi, dada." Hanora akatoka dukani, mkate akausahau mezani.

Malaki akazeeka, akafa. Kwao mpiganaji hufunikwa bendera jenezani, na kabla hajashushwa kaburini bendera hukunjwa, hukabidhiwa mtu wake. Malaki hakuwa na mtu. Alimwachia neno Donal, mkuu wa wapiganaji wa zamani: "Mpeni aliyeniokoa."

"Yupi?" Donal aliuliza.

"Wenyewe wanajua." Akageukia ukuta.

Makaburini, mvuani, Donal aliikunja bendera, akamnyooshea Hanora. Watu wakapiga makofi. Uso wa Hanora ukawaka, kama aliyepigwa kabichi ni yeye.

"Mpe Nuala," akasema. "Mimi nilitupa tu. Aliyemtoa ni yeye."

Nuala akatazama chini. Kando yake mumewe alikuwa amevaa viatu vilevile, soli mpya. "Mimi? Hapana. Mpe Dervla. Angesema kweli siku ile, Malaki tungemzika zamani."

Dervla alikuwa akimwangalia binti wa mzee Tige, ng'ambo ya kaburi. "Nikiishika," akanong'ona, "yule ataniona."

"Kina mama," akasema Donal, maji yakimtiririka kofiani, "bendera haikatwi wala haizikwi. Msipoichukua, inakwenda kwa mji."

"Na mji ndio nani?" Hanora akauliza.

Diwani Kinsella akakohoa, akaanza kuvua glavu.

Hanora akamtazama yule asiye na haya hata chembe, kisha wenzake wawili waliozidiwa nayo. Akiipokea, anaupigia uongo muhuri. Akiikataa, anaulisha uongo mkubwa zaidi. Akisema kweli, anawavua nguo watatu wote mbele ya kaburi. Mkono wake ukainuka, ukaishia njiani, ukalowa.

Bado uko hapo hapo, unawangoja nyinyi.

Bila kabichi, Malaki asingeanguka. Bila shuka, asingefichika. Bila uongo, angekamatwa. Aichukue nani: aliyempiga kwa chuki, aliyemvua viatu, au aliyemtoa mzee wa watu badala yake? Na asiniambie mtu "wagawane". Bendera haikatwi, mmesikia.

Haya, wewe unayecheka hapo nyuma, anza wewe. Ungempa nani? Na kabla hujajibu: siku ile, pale barabarani, wewe ungekuwa umeshika nini mkononi?