Masweta ya Lugano

Dawa ya bure nayo hupimwa. Mmeisikia leo zahanati mkacheka, eti nesi kachanganyikiwa. Haya, kaeni. Na wewe Tumpe, acha kutafuna nikiongea. Methali hii mwanzo wake ni huu, na mimi nilikuwapo.

Enzi hizo zahanati yetu ya huku milimani ilikuwa na mhudumu mmoja tu, Bi Anyosisye, ndiye mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati. Binti mdogo, lakini mkali huyo! Foleni ilifika barabarani. Basi akaja Dakta Mwinyikombo kutoka Tanga, mzee aliyestaafu, akasema atatutibu bure. Tulipiga vigelegele, tukampelekea ndizi na maziwa mgando.

Bi Anyosisye akamwomba leseni. Mzee akaitoa, wala hakununa. Akaambiwa pia kwamba mpaka atuzoee, kila dawa atakayoandika itaangaliwa kwanza na Bi Anyosisye. Hapo kijiji kikawaka moto. Kwetu mgeni aliyekuja kutoa haulizwi neno. "Mtu anatusaidia bure, halafu anapekuliwa kama mwizi wa kuku!" Wengine walitaka binti ahamishwe. Tuliogopa mzee ataudhika aende zake, nasi turudi kwenye foleni.

Wiki hiyohiyo wifi yangu alirudi kutoka Kyela, kule bondeni kwenye mbu, mwanawe Lugano anaungua na malaria, hata kunyonya hataki. Nikamsindikiza. Ilikuwa baridi ya kuuma meno. Dakta akamtazama mtoto, akashika kalamu, akaandika sindano ya kwinini.

Bi Anyosisye akasoma. "Umempima uzito, mzee wangu?"

"Nimetibu watoto tangu hujazaliwa, binti yangu. Huyu namwona, bonge la mtoto."

"Naomba tumpime."

Wifi akaruka. "Jamani! Mtoto anakufa nyie mnabishana? Mwacheni baba wa watu afanye kazi yake!"

Bi Anyosisye akamvua mtoto sweta. Chini yake kulikuwa na sweta jingine. Akalivua, na chini ya hilo kulikuwa na jingine tena, la baba yake, limekunjwa mikono. Ndivyo tunavyowavika watoto huku. Mtu wa joto la pwani ya Tanga angejuaje? Kilichobaki juu ya mizani kilikuwa kitoto chembamba, mbavu zote nje.

Dakta akasoma mizani. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akakata alichoandika, akaandika nusu yake.

"Ile ya kwanza ingemfanya nini?" wifi akauliza.

"Ingeweza kumsimamisha moyo, mwanangu."

Wifi akaanza kulia, akamshika Bi Anyosisye mkono. "Nisamehe, mdogo wangu. Mimi nilijua msaada hauchunguzwi."

"Uchunguzwe!" Dakta akasema. "Mimi sitaki senti yenu, lakini moyo wa mtoto haujui kama sindano ni ya bure au ya kununua. Dawa ya bure nayo hupimwa. Binti yangu, kesho usichoke kuniuliza."

Wala hakuondoka. Alikaa nasi miaka, na foleni ikapungua. Baadaye walipokuja wengine wa kujitolea, ni yeye aliyewapokea mlangoni akidai leseni, na akisikia mtu ananung'unika, alimjibu kwa neno hilohilo.

Na Lugano? Si huyo mjomba wenu anayepasua kuni hapo nje! Nendeni mkamsaidie. Na mkimtazama vile alivyo mzima, msicheke tena mkiambiwa: dawa ya bure nayo hupimwa.