Muhuri wa Wakili Kidawa

Muhuri hauna macho. Mmenisikia nikimwambia dada yenu Nuru maneno hayo alipokuwa anaufuta muhuri wake mpya wa uwakili kwa kitambaa, mkacheka, mkauliza ni nani aliyewahi kuona muhuri wenye macho. Kaeni basi niwaambie. Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe nilimjua, alikuwa jirani yangu Muheza kabla hamjazaliwa. Ilianza hivi.

Palikuwa na binti akiitwa Kidawa Semboja. Alisomea sheria Dar es Salaam mpaka akaapishwa kuwa wakili, akarudi nyumbani akidhani ofisi zitamgombania. Hazikumgombania. Mawakili wenye ofisi zao walimwambia nafasi hakuna, na mmoja akamshauri auze vitenge. Kidawa akautazama mji unavyoishi. Akaona kampuni za mikopo zimefunguliwa kila kona, na kila anayeweka nyumba rehani anatakiwa atie saini mbele ya wakili, yeye na mkewe, ndipo wakili agonge muhuri kuthibitisha kwamba amewaona. Mawakili wakubwa hawakutaka kutoka ofisini kwa kazi hiyo, na wakulima wa michungwa nao hawakutaka kufunga safari kuja mjini. Kidawa akasema, basi mimi nitawafuata huko huko.

Akachongesha muhuri, akazunguka kampuni moja baada ya nyingine akiacha namba yake ya simu. Aliwaambia wakipata mteja popote, hata milimani Amani, yeye atakwenda, hata kama ni Jumapili. Wote walimjibu watampigia. Sisi majirani tulizoea kumwona ameiweka simu dirishani, mahali penye mtandao, anaitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni.

Siku ilipoita, mama yake alipiga vigelegele. Meneja wa kampuni moja alisema kuna mteja Mtindiro, Bwana Mbaraka Singano, mnunuzi wa machungwa, anaweka nyumba yake rehani. Aende leo hii. Akifanya vizuri, kazi zote za upande ule zitakuwa zake.

Akaenda. Akapokewa vizuri, akaandaliwa chai ya iliki. Singano akaonyesha kitambulisho, akatia saini mbele yake. Ikabaki saini ya mke. Hapo mwenye nyumba akashusha sauti, akaeleza kwamba mkewe, Mwantumu, amejifungua karibuni, yuko ndani ya arobaini, na kwao mzazi hatoki wala mgeni haingii. Akaichukua karatasi mwenyewe, akaipitisha nyuma ya pazia la chumbani. Sauti ya kike ikanong'ona kitu, na karatasi ikarudi ina saini.

Sasa, wanangu, arobaini si uongo. Hata mimi nimekaa ndani na kila mmoja wenu. Ingekuwa hila ya kijinga, Kidawa angeiona mara moja. Hii ilikuwa imevaa adabu, na chai ya watu ilikuwa bado mkononi mwake. Akaomba asimame mlangoni tu amsalimie mzazi.

"Dada, wewe si wa huku huku?" Singano akamuuliza. "Arobaini huijui?"

"Naijua, kaka. Mtoto simtaki. Mama anitolee uso tu, kisha arudi ndani."

"Wageni wana jicho."

"Basi nitangoja. Arobaini haikai mwaka. Ikiisha nitarudi, kwa nauli yangu."

Singano akacheka, akampigia meneja, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Wakili, gonga tuendelee na kazi," meneja akasema. "Kitambulisho cha mke kipo, saini ipo. Unataka nini tena?"

"Namtaka mwenyewe."

"Muhuri wako ndio ushahidi. Ukishagongwa, nani atauliza?"

"Muhuri hauna macho, bosi. Mwenye macho ni mimi, na hapa imeandikwa mke ametia saini mbele yangu. Mimi nimeona pazia."

Simu ikakatwa. Singano akamtazama akifunga mkoba wake, akasema taratibu, "Ndiyo maana huna kazi."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Na njiani hakuwa na hakika kama ametendewa hila. Huenda alikuwa amemvunjia heshima mzazi wa watu. Alichokijua ni kwamba hakumwona.

Kampuni ile haikumpigia tena, na nyingine zikasikia kwamba ni mgumu. Singano naye aliifanya kichekesho. Sokoni kwenye machungwa alibana pua na kuigiza sauti ya binti wa watu, "Muhuri hauna macho, bosi," watu wakashika mbavu. Ikawa mzaha wa mji mzima. Ukimwambia mtu akuchagulie nyanya nzuri anakujibu muhuri hauna macho. Kidawa alipita katikati ya vicheko hivyo asubuhi hadi jioni akitafuta kazi, na alikonda, nilimwona.

Karatasi za Singano ziligongwa muhuri na wakili mwingine, mtu mzima anayeheshimika, bila kuinuka kwenye kiti chake. Mkopo ukatoka. Biashara ikaharibika, hakulipa. Asubuhi moja Mwantumu anaanika nepi, akaona dalali ameingia uani na watu wake kuipima nyumba. Akauliza mkopo gani. Siku ile karatasi ilipotiwa saini, yeye alikuwa Maramba kwa mama yake, alikokwenda kuzaa mtoto wake wa kwanza, na arobaini yake yote aliikaa huko. Nyuma ya pazia alikuwa dada wa mumewe.

Kesi ikaenda Baraza la Ardhi. Kidawa akaitwa, akaeleza alichoona na ambacho hakuona. Kisha mwenyekiti akamuuliza yule wakili mtu mzima, mwanamke huyu ulimwona? Akajibu muhuri ni wake. Akaulizwa tena, ulimwona? Akauinamia muhuri wake pale kwenye karatasi kana kwamba utamjibia. Huko nyuma mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Muhuri hauna macho." Hapakuwa na aliyecheka.

Mwantumu alibaki na nyumba yake. Wakili yule aliondolewa kwenye orodha ya mawakili. Na kampuni zile, zilipoona rehani yenye muhuri wa uvivu haifai kitu, zikaanza kumtafuta binti aliyekataa pazia. Simu ile ikawa haipumziki.

Nuru mwanangu, mimi niliishia darasa la saba, sheria siijui. Ila wewe nakujua. Una haya, na mtu akikukaribisha vizuri hupendi kumuudhi. Watakuambia huyu mzee hawezi kuamka, huyu mama ana msiba. Wape pole, kunywa chai yao, kisha omba kuuona uso. Wakikataa, funga mkoba urudi nyumbani hivyo hivyo, chakula utakikuta. Siku ile utakosa kazi, na atakayegonga muhuri badala yako atakucheka. Mwache acheke.

Muhuri hauna macho.