Kanga ya Kichwa cha Tunu

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya majini na masultani, nasema zamani hii ya simu za kuzungusha kwa kidole, palikuwa na karani wa posta jina lake Tunu binti Mfaume. Kwao Lindi. Serikali ikamhamisha, ikampeleka Kisimachungu, mji wenye posta moja, soko moja na visima vitano, vyote maji ya chumvi. Tunu akafunga sanduku lake akaenda. Hakulia njiani, kama wengine wenu mnavyongoja niseme. Alikuwa mtu wa kujiamini, akikanyaga anajua amekanyaga.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni: nywele. Tangu azaliwe kichwa chake kilishikwa na mtu mmoja, mama yake, Bi Somoe. Kila Ijumaa baada ya chakula mama anakaa kwenye kigoda, Tunu anakaa chini mkekani, kichwa katikati ya magoti ya mama, na kabla msuko haujafika nusu mtoto kashalala. Miaka ishirini na sita hivyo. Sasa mama yuko Lindi, kichwa kiko Kisimachungu. Kinachokuchekesha nini wewe mwenye kipara? Wanawake waliopo hapa wananielewa.

Tena Kisimachungu wana desturi yao. Mwanamke akiolewa pale, mama yake humkabidhi msusi mmoja doti ya kanga mbele ya wanawake wote. Wanaiita kanga ya kichwa, na doti hiyo haikatwi. Aliyepewa ndiye mwenye kichwa hicho maisha. Wasusi wengine wa mji hawakigusi tena, hata uwapigie magoti. Kwa hiyo pale mtu hakurupuki kutoa kanga.

Haya. Tunu akauliza wenzake posta, wakamwambia nenda kwa Zamda, ana kioo kirefu na kiti cha kuzunguka. Akaenda.

"Dada, mimi mgeni hapa. Nataka mkono mzuri na bei ya mshahara wa karani."

Zamda akamtazama viatu kabla ya kumtazama kichwa. "Mkono mzuri ninao. Bei ya makarani sina."

Tunu akajibana akalipa, maana Ijumaa mbili zilikuwa zimepita na kichwa kilikuwa kichaka. Zamda akampaka dawa ya kulainisha. Mara mlangoni akapita muuza vitenge. Zamda akatoka kupatana naye. Wakapatana, wakagombana, wakapatana tena. Aliporudi, Tunu alikuwa amesimama wima, machozi yanamtoka, kichwa kinawaka moto. Zamda akasuuza kwa maji ya kisima, yale yale ya chumvi. Nywele zikabaki kwenye beseni.

Tunu hakutukana mtu. Alijifunga kilemba akarudi kazini. Siku ya pili akavuka barabara mpaka kwa Bi Siwatu, kikongwe aliyekuwa akiuza mafuta ya nazi mbele ya posta.

"Shikamoo bibi. Mimi mgeni hapa. Nataka mkono mzuri na bei ya mshahara wa karani."

"Marahaba mjukuu wangu. Vua hicho kilemba. Kaa."

Tunu akakaa. Hata hajatulia, akasikia kru, kru, kru. Mkasi! Kizee kikakata zilizoungua, kikakata na nzima, zikabaki urefu wa ukucha.

"Bibi! Nywele zangu!"

"Hizi si nywele, hizi ni maiti. Ningekuuliza, ungeniruhusu?"

"Nisingekuruhusu!"

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Nywele zile, sikilizeni, zilikuwa zimepitia vidole vya Bi Somoe kila Ijumaa, na Tunu alizililia usiku na mchana, siku mbili nzima. Lakini siku ya tatu alirudi. Bi Siwatu akamwosha kwa maji ya mvua, kutoka pipa alilokuwa akilitunza kwa chai yake mwenyewe, na Kisimachungu pipa la maji ya mvua huwezi kumwazima hata dada yako wa tumbo moja. Akampaka mafuta, akamkanda ngozi. Miezi mitatu. Bei? Kipande cha sabuni. Bibi akawa anakunywa chai ya chumvi na kusonya. Nywele zikaanza kuchipua, nyeusi ti. Tunu akasema, "Bibi, sasa nisuke." Bi Siwatu akacheka. "Macho yangu hayaoni hata njia ya chooni, nitaiona njia ya nywele? Katafute msusi."

Akamtafuta. Nyumba ya tatu kutoka alipopanga Tunu alikaa Mwantumu, mjane wa rika lake Tunu, akisukia watu barazani.

"Shoga, mimi mgeni hapa. Nataka mkono mzuri na bei ya mshahara wa karani."

Mwantumu akamvua kilemba, akachungulia. "Bei nitakutoza ya kichwa cha mtoto, maana hiki ni kichwa cha mtoto."

Wakacheka wote wawili mpaka kuku wakakimbia barazani. Na hapo Mwantumu akaanza kazi, kila Jumamosi. Nywele fupi zinateleza, zinachomoka, zinamaliza subira ya mtu. Msuko wenyewe twende kilioni, ule rahisi kuliko yote, ila kichwa hicho kilikuwa kinamla tangu adhuhuri mpaka alasiri. Wateja wenye nywele ndefu na hela nzuri wakifika, wakingoja, wakichoka, wanakwenda zao. Mwantumu anawaacha waende. Hakumvuta Tunu hata siku moja. Jumamosi ya nne, Tunu akalala usingizi katikati ya magoti ya Mwantumu, udenda ukamtoka. Alipoamka aliona haya, kisha akafurahi kwelikweli, maana toka aondoke Lindi hakuwahi kulala hivyo. Ikapita mwaka na miezi, nywele zikagusa mabega.

Ndipo Hemedi, fundi saa, akaleta posa, ikakubaliwa. Mji mzima ukajua kanga ya kichwa ni ya Mwantumu. Mwantumu mwenyewe alishapigilia na msumari ukutani wa kuitundikia.

Sasa sikilizeni mambo. Mchana wa kuamkia harusi, Mwantumu akamkalisha Tunu amsuke msuko wa bibi harusi. Na siku hiyo, kwa mapenzi tu, akavuta.

"Unanivuta, shoga."

"Vumilia. Kesho utatazamwa na mji mzima, nataka njia zing'ae."

Akavuta. Nani hapa hajawahi kuvutwa? Asubuhi Tunu macho hayafumbi, shingo haigeuki, paji la uso limejaa vipele, kichwa kinagonga kama kinu. Na wakati huohuo mama yake akashuka kwenye basi la Lindi.

"Nani kamfanya mwanangu hivi?"

Bi Somoe akatupa mkoba, akakaa kwenye kigoda, akamweka Tunu katikati ya magoti yake afumue. Vidole vikakataa. Vilikuwa vimekakamaa kwa maradhi ya viungo, na Tunu alikuwa hajui, kwa sababu mama hakutaka kumwandikia. Mama akavitazama vidole vyake, akaanza kulia. Mwantumu naye mlangoni analia, hafai kushika hata kitana. Ndoa ni baada ya swala ya adhuhuri.

Wakati huo Zamda alikuwa anapita na mkoba wake wa kazi, anakwenda kumpamba binti wa tajiri wa pamba. Akasikia kilio, akaingia, akaona. Hakuna aliyemwita.

"Nipisheni," akasema.

Akafumua. Bi Siwatu akaletwa na maji yake ya mvua, ngozi ikapoa. Zamda akasuka upya, taratibu, kila njia imenyooka na hakuna iliyouma. Gari la tajiri likaja likapiga honi mara tatu. Zamda hakuinua kichwa. Gari likaondoka, likamchukua msusi mwingine. Alipomaliza, Tunu akajitazama kwenye kioo, akageuka huku, akageuka huku. "Alaa! Mimi huyu ni mzuri," akasema. Na kweli alikuwa mzuri, wanawake wakapiga vigelegele mpaka waliokuwa msikitini wakasikia.

Ndoa ikafungwa. Wanawake wakakaa ndani, Bi Somoe akasimama na doti ya kanga mikononi.

Bi Siwatu akasema, "Kanga yangu hiyo. Nilikata bila ruhusa, kweli, na ningeulizwa leo ningekata tena. Bila mkasi wangu na maji ya chai yangu, hawa wawili wangesuka nini? Ngozi tupu?"

Mwantumu akasema, "Kanga yangu. Nimekosea siku moja. Lakini zihesabuni Jumamosi zangu. Nilikipokea kichwa hiki kikiwa hakina pa kushika, nikatoza bei ya mtoto, na alikuwa akilala mapajani kwangu. Jana nilivuta kwa sababu nilitaka apendeze kuliko wote."

Zamda akasema, "Mimi ndiye niliyekiunguza, nasema mbele yenu wote. Toka siku ile sijamwacha mtu na dawa kichwani nikatoka mlangoni. Leo nimemwacha binti wa tajiri, na mteja huyo harudi tena. Nipeni kichwa hiki, na bei yangu kwake itakuwa ya karani mpaka nizeeke."

Msiniambie doti ikatwe, nimeshasema haikatwi. Msiniambie apewe mama, mama ndiye mtoaji. Bi Somoe akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, mimi mikono yangu ndiyo hiyo umeiona, imekwisha. Kesho asubuhi napanda basi narudi Lindi. Nilikuwa najiambia nikikosekana mimi hakuna atakayeweza, kumbe wako watatu. Nionyeshe mmoja, nimpe kanga hii, nilale usingizi njia nzima."

Tunu akawatazama. Mmoja alimkata, mmoja alimvuta, mmoja alimchoma. Mmoja alimwotesha, mmoja alimlea, mmoja alimpamba. Akaichukua ile kanga mikononi mwa mama yake, akasimama, wala hakusita, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya mmoja wao.

Mimi najua ni yupi, na siwaambii ng'o. Semeni ninyi, na wewe mwenye kipara uanze: katika hao watatu, nani alistahili kukishika kichwa cha Tunu baada ya mama yake?