Hadithi Yenye Mashahidi Wawili

Hapo zamani, wakati kila mji wenye visima viwili ulikuwa na sultani wake, alikuwako msimulizi mmoja fukara, jina lake Feruzi, asiye na shamba wala kuku. Yeye na mkewe walikula kwa hadithi zake tu. Basi siku moja alikuwa barazani akisimulia habari za mbuzi aliyesoma barua, Sultani Mwinyi Shaha akapita, akasikia, akaghadhibika.

"Mbuzi hasomi!" akanena. "Tangu leo, hadithi isiyo na mashahidi wawili ni uwongo, na msemaji wake atafukuzwa mjini."

Feruzi akaingiwa na hofu, maana mbuzi yule hakuwa na shahidi hata mmoja. Ikawa juma zima nyumbani kwake chungu hakikutelekwa.

Ijumaa wakaja wageni wa heshima kutoka mji wa jirani, kumposa binti Sultani. Sultani akamwita Feruzi awasimulie jinsi yeye Sultani alivyomuua simba.

"Kweli tupu, Maulana?"

"Kweli tupu! Ukizidisha neno, huna mji."

"Basi naomba mashahidi waliokuwako: mpishi wako na kinyozi wako."

Wakaletwa, kadhi akawaapisha. Feruzi akaanza: "Simba alinguruma. Sultani akapanda mkwaju."

"Alipanda," akasema mpishi. "Mimi nilikuwa tawi la chini, kilemba chake kikaniangukia."

"Akakaa huko mpaka alasiri."

"Mpaka magharibi," akasahihisha kinyozi. "Alikuwa amenikanyaga mkono."

"Na simba?" akauliza mgeni mkubwa.

"Alikuwa mzee, bwana. Alikufa mwenyewe," akajibu kinyozi.

Wageni wakainamia mikeka kuficha kicheko. Sultani akamgeukia Feruzi.

"Koma! Simulia kama ulivyozoea!"

"Ile haina mashahidi, Maulana."

"Sheria nimeifuta! Simulia!"

Loo, furaha aliyoiona Feruzi! Akasimulia jinsi Sultani alivyomkamata simba masharubu, hata simba akapiga magoti, akalia, "Nisamehe bwana wangu, nina watoto." Wageni wakasahau kahawa mikononi, na kadhi akafuta machozi.

"Lakini ewe Feruzi," akauliza mgeni mkubwa, "simba husema?"

Feruzi akamtazama Sultani.

Sultani akainuka. "Alisema!" akanena kwa hasira. "Ila sauti yake ilikuwa nene zaidi. Huyu Feruzi hajui kuiigiza."

Watu wakaangua kicheko, Sultani naye akacheka, posa ikapokewa, na Feruzi akapewa ng'ombe wa maziwa. Mpishi na kinyozi walipoulizwa, wakaapa upya kwamba nao walimsikia simba.